Bruce Lee, Mgeni Asiyejua Lugha ya Wenyeji

Mvua ya alasiri ya nchi ya Wagusii haibishi hodi. Hutanguliwa na ngurumo moja kuelekea Manga, kisha kabla mtu hajaokota nguo zilizoanikwa, imekwisha fika. Siku moja ya likizo, nikiwa nyumbani Sironga, karibu na mji wa Nyamira, mvua ya namna hiyo ilinikimbiza hadi chumba kimoja cha mabati pale sokoni, ambamo asubuhi huuzwa chai na mandazi na jioni huonyeshwa filamu. Nilikuta humo vijana wapatao ishirini, akina mama wawili waliosalimisha vikapu vyao vya ndizi, na mwalimu mmoja mstaafu ambaye sisi tuliokulia pale humwamkia kwa heshima tukimwita tata. Mwenye chumba, kwa kuwa hakutaka kuwapoteza wateja aliopelekewa na mvua, alichomeka flashi kwenye runinga yake. Ikatokea filamu ya The Way of the Dragon, ambayo Bruce Lee aliitunga, akaiongoza na kuiigiza mwenyewe mwaka 1972.

Msomaji mpenzi, pengine nawe umeiona. Kijana aitwaye Tang Lung, mtu wa mashamba ya Hong Kong, anateremka katika uwanja wa ndege wa Roma. Hajui Kiitaliano wala Kiingereza. Bibi mmoja wa Kizungu anamkodolea macho kana kwamba ameona mnyama aliyetoroka. Njaa inamuuma, anaingia mkahawani, anapewa orodha ya vyakula asiyoweza kuisoma, naye kwa kuona haya anaelekeza kidole huku na huku. Analetewa supu, kisha supu nyingine, kisha nyingine, hadi meza inajaa mabakuli. Anazinywa zote. Yanayofuata tumboni mwake ndiyo yanayotawala sehemu nzima ya mwanzo wa filamu, huku mwenyeji wake akishangaa ni mgeni wa aina gani huyu aulizaye msala kila baada ya dakika chache.

Chumba kizima kilicheka. Lakini mara filamu ilipokwisha, na mvua ingali inapiga mabati, ukazuka ubishi ambao sijausahau. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alishikilia kuwa nusu saa ya mwanzo ni upotevu mtupu wa wakati. Lau yeye angekuwa mwenye filamu, angekata uwanja wa ndege, supu na msala, aanzie pale teke la kwanza linapotoka. Mwendesha bodaboda mmoja alimpinga akisema kuwa teke lisilongojewa halina ladha. Mama mmoja wa ndizi alituambia kwamba yeye hakuona cha kuchekesha hata kidogo, maana aliwahi kushuka kwenye basi Mombasa akiwa msichana, hajui ila Ekegusii, akakaa kutwa nzima na kiu kwa kukosa neno la kuombea maji. Mwalimu wetu mstaafu ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Kwa maoni yake, filamu hiyo inawadhalilisha Wachina kwa kumfanya shujaa wao kuwa mjinga wa kuchekwa na Wazungu, na hakuna taifa lenye adabu linalomtangaza shujaa asiyeweza kujiagizia chakula.

Mimi, ambaye hula mkate wangu kwa kufundisha isimu, nilinyamaza. Si adabu kumpinga mwalimu wako mbele ya watoto. Lakini nimelifikiria jambo hilo tangu siku hiyo, na jibu langu haliwezi kutolewa pasipo kusimulia maisha ya mtu mwenyewe. Naamini kuwa Bruce Lee hakuiweka ile supu pale kwa bahati.

Alizaliwa tarehe 27 Novemba 1940 katika hospitali ya Wachina mjini San Francisco, Marekani. Wazazi wake walikuwa safarini tu. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mwigizaji wa tamthilia za kuimba za Kikantoni, na kundi lake lilikuwa likizuru miji ya Wachina waliohamia Marekani. Nawaomba walimu wa fasihi walitie jambo hili akilini: mzee huyo hakuwa mwigizaji wa mashujaa wala wafalme. Alikuwa mchekeshaji, na miongoni mwa wachekeshaji waliosifika mno katika sanaa hiyo. Mwana wa mchekeshaji ndiye ambaye ulimwengu ungekuja kumjua kwa ngumi.

Mama yake, Grace Ho, alikuwa na damu ya Kizungu upande mmoja. Mtoto akapewa jina la Jun-fan na wazazi, na la Bruce akalipata pale pale hospitalini, kwa ajili ya cheti. Baadaye filamu zikampa la tatu, Siu-lung, yaani Joka Dogo, kwa kuwa alizaliwa katika mwaka wa joka kwa hesabu ya Wachina. Mtoto wa Sironga mwenye jina la ubatizo kwenye cheti, jina la babu kinywani mwa bibi yake na la utani uwanjani hatashangazwa na majina hayo matatu.

Mwaka 1941 familia ilirejea Hong Kong, koloni la Waingereza wakati huo. Disemba ya mwaka huo huo Wajapani waliivamia na kuitawala hadi Agosti 1945. Kwa hiyo miaka ya kwanza ya mtoto huyo ilipita chini ya jeshi la kigeni, na baada yake wakarudi watawala wengine wa kigeni. Nyumbani alisema Kikantoni. Shuleni, katika shule za Kikatoliki, alikutana na Kiingereza. Masomo hayakumpendeza, naye hakuwapendeza walimu. Alilazimika kuihama shule ya La Salle akapelekwa ile ya St. Francis Xavier. Lakini kwenye sinema alikuwa hodari tangu utotoni. Kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa ameonekana katika filamu zipatazo 20, na katika The Kid ya mwaka 1950 aliigiza pamoja na baba yake. Wanaodhani kwamba alikuwa mpiganaji aliyesukumwa mbele ya kamera wameipindua habari. Alikuwa mwigizaji kwanza.

Ngumi alianza kujifunza kwa utaratibu akiwa na umri wa miaka 13 hivi, kwa mwalimu aitwaye Ip Man, aliyefundisha mtindo wa Wing Chun. Inasimuliwa kuwa baadhi ya wanafunzi wenzake walipojua habari ya damu ya mama yake walikataa kufanya naye mazoezi, wakisema elimu ile si ya watu waliochanganyika. Mwaka 1958 alishinda mashindano ya ndondi ya shule, na mwaka huo huo akawa bingwa wa Hong Kong wa dansi ya cha-cha. Atazamaye miguu yake kwenye filamu ataona kwamba vikombe hivyo viwili havikuwa vimeachana mbali.

Ugomvi wa mitaani ulizidi, polisi wakaanza kubisha hodi, nao wazazi wakaona afadhali kijana arudi alikozaliwa, maana kwa kuzaliwa San Francisco alikuwa raia wa Marekani. Akapanda meli mwaka 1959, akiwa na umri wa miaka 18.

Hapa ndipo supu inapoanza kuchemka. Raia huyo wa Marekani alifika nchini mwake akiwa mgeni kabisa. Huko Seattle alipewa chumba kidogo na kazi katika mkahawa wa Ruby Chow, mama wa Kichina aliyejulikana sana mjini humo. Kazi yake ilikuwa kuhudumia meza. Mwana wa msanii mashuhuri, aliyezoea kutambuliwa barabarani, sasa alisimama na kitambaa mkononi akipokea maagizo ya watu katika lugha ambayo alikuwa angali akiisomea katika shule ya ufundi ya Edison. Ndugu zangu, aliyeandika kisa cha mtu asiyeweza kuagiza chakula ni mtu aliyepata kuwa mhudumu wa mkahawa. Aliijua orodha ile ya vyakula kutoka pande zote mbili. Tena ukitazama vizuri utaona kwamba watu wanaoonewa katika filamu, wale ambao Tang Lung amekuja kuwatetea, ni wahudumu wa mkahawa wa Kichina katika mji wa ugenini.

Mwaka 1961 aliingia Chuo Kikuu cha Washington. Alisoma falsafa na mambo ya maigizo, akanunua vitabu vingi kuliko uwezo wake, akaondoka mwaka 1964 bila shahada. Lakini katika miaka hiyo alifanya jambo ambalo kwangu mimi linapita ushindi wake wote wa kwenye filamu: alifundisha. Na hakuwafundisha Wachina peke yao, ingawa wazee wengi wa sanaa hiyo hawakupenda ipelekwe nje. Mwanafunzi wake wa kwanza mjini Seattle alikuwa Jesse Glover, Mmarekani mweusi. Msaidizi wake mkuu akawa Taky Kimura, Mmarekani mwenye asili ya Japani, mmoja wa wale waliofungiwa kambini na serikali ya nchi yao wenyewe wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Fikiria mtoto aliyekulia Hong Kong chini ya bunduki za Wajapani akimkabidhi Kimura darasa lake. Agosti 1964 alimwoa Linda Emery, mwanafunzi mwenzake Mzungu, wakati ambapo katika majimbo kadhaa ya Marekani ndoa ya namna hiyo ilikuwa bado kosa la jinai. Sheria hizo hazikufutwa hadi mwaka 1967.

Mwezi huo huo alionyesha ufundi wake katika mashindano ya karate ya Long Beach, na watu wa Hollywood wakapata habari zake. Kuanzia 1966 hadi 1967 aliigiza Kato, dereva na msaidizi wa shujaa katika The Green Hornet, vipindi 26 vya televisheni. Kato alipiga watu vizuri sana, ila hakusema sana. Bruce alilalamikia uchache wa maneno aliyoandikiwa. Baada ya hapo milango ikafungwa. Alipata visehemu vidogo tu, akafundisha matajiri na waigizaji kwa malipo ya saa, akaumia mgongo vibaya mwaka 1970 akalazwa chini miezi kadhaa. Siku hizo za kitandani alijaza madaftari, na maandishi yake yakaja kuchapishwa mwaka 1975, baada ya kifo chake, kwa jina la Tao of Jeet Kune Do.

Kisha likaja suala la mfululizo wa televisheni uitwao Kung Fu, habari za mtawa wa Kichina atembeaye Marekani ya zamani. Bruce aliitaka nafasi hiyo. Akapewa David Carradine, Mzungu, akapakwa rangi na kunyoshwa macho. Yeye mwenyewe, katika mahojiano ya televisheni mwishoni mwa 1971, alikiri bila uchungu mwingi kwamba wenye fedha waliogopa kuweka Mchina mbele. Waliohusika walitaja baadaye sababu nyingine: matamshi yake ya Kiingereza, walisema, yasingeeleweka na watazamaji.

Nisamehe msomaji nikisimama hapa kidogo, kwa maana neno hilo matamshi limeniandama tangu utotoni. Katika Ekegusii, baba ni mama mzazi. Baba mzazi ni tata. Nilipokuwa na umri wa miaka 7 nilipelekwa kuishi na mjomba wangu katika mji wa mbali na kwetu, katikati ya watoto wa makabila mengi, na siku ya kwanza mwalimu akaniuliza kwa Kiswahili baba yangu hufanya kazi gani. Nikajibu kwa moyo mkunjufu kwamba baba hulima, hupika, na siku zile alikuwa akimnyonyesha mdogo wangu. Darasa lilicheka hadi mwalimu akaketi. Kwa muda wa miaka miwili hivi sikuinua mkono tena. Ninapowaona leo katika ukumbi wa mihadhara vijana wenye akili kali wakikaa kimya nyuma kabisa, nikaja kukuta kwenye karatasi zao fikra ambazo hawakuthubutu kuzitamka, najua kinachowafunga ulimi. Wanaogopa kuchekwa. Walimu wenzangu wa shule za msingi na sekondari wanalijua jambo hili kuliko mimi, hasa wale wanaokumbuka kile kibao tulichovishwa shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama.

Turejee kwa mtu wetu. Mwaka 1971, huku Hollywood ikisitasita, kampuni changa ya Golden Harvest ya Raymond Chow ilimwita Hong Kong. Huko ndiko The Green Hornet ilikoitwa filamu ya Kato, na yeye hakujua kuwa amekwisha kuwa shujaa. The Big Boss ilipigwa Thailand ikatoka mwaka huo wa 1971, ikavunja rekodi ya mapato. Fist of Fury ya mwaka 1972 ikaivunja tena. Hiyo ya pili, iliyohusu Wachina wa Shanghai wanaodharauliwa na Wajapani, ina bango la bustani linalowapiga marufuku mbwa na Wachina, naye Bruce analipasua kwa teke. Mtazamaji wa Nairobi aliyekumbuka vibao vya zama za ukoloni hakuhitaji mkalimani.

Lakini jambo linalonishangaza mimi kama mwanaisimu ni jingine. Katika miaka hiyo filamu za Hong Kong zilipigwa bila sauti, sauti zikatiwa baadaye studioni, na lugha iliyotawala soko ilikuwa Kimandarini. Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Hong Kong, kilikuwa kimekaribia kutoweka kabisa katika sinema. Kwa hiyo Bruce Lee, mtoto wa Kikantoni, alisikika katika mji wake mwenyewe akisema Kimandarini kwa kinywa cha mtu mwingine. Filamu zilipotumwa nje zikatiwa Kiingereza, kwa kinywa cha mtu wa tatu. Marekani waliona matamshi yake hayafai. Kwao nako sauti yake haikutumika. Ni vile vilio vyake vikali vya vitani tu ambavyo havikuhitaji tafsiri.

Ndipo akaunda na Raymond Chow kampuni ya Concord, akakabidhiwa kalamu na kamera kwa mara ya kwanza. Na mtu huyo, ambaye angeweza kutunga kisa chochote, alitunga habari za mshamba asiyejua lugha. Jina la Kichina la filamu lina maana ya joka kali lililovuka mto. Amevuka, amefika ng'ambo, na joka lenyewe haliwezi kuomba chakula.

Sasa namjibu mwalimu wangu, kwa taadhima. Ni kweli kwamba Tang Lung anachekwa. Lakini tutazame ni nani aliyeandika kicheko hicho. Kuna kicheko kinachomwangukia mtu kutoka kwa wengine, kama kile kilichonipata mimi darasani, na kuna kile ambacho mtu anakiandaa mwenyewe, akakigawa kama mwenye karamu. Mwana wa mchekeshaji wa Kikantoni alikijua hicho cha pili. Aliichukua aibu ya mgeni, akaiweka mezani mwanzoni kabisa, akatuacha tucheke hadi tushibe. Kisha akatuonyesha kwamba asiyejua kuagiza supu si lazima awe hajui kitu. Wahudumu wale wa mkahawa, ambao wamekaa Roma muda mrefu na wanajifunza karate uani, wanamdharau mgeni huyu kama walivyomdharau wenyeji. Wanaacha siku magenge yanapokuja na yeye akatoka nje peke yake.

Tena kuna Ho. Huyu ndiye mkalimani wa genge, Mchina anayejua lugha ya bosi na lugha ya waonewa, na kila neno analovusha kutoka upande mmoja hadi mwingine ni tishio. Yupo pia mzee Wang wa mkahawani, mwenye kuujua mji, ambaye mwishowe anawachoma visu vijana wake mwenyewe. Kwa mtu wa fani yangu, aliyezoea kuwahubiria wanafunzi kuwa kujua lugha nyingi ni utajiri, wahusika hao wawili hawatazamiki kwa raha. Bahati nzuri yuko pia Chen, mwanamke mwenye mkahawa, ambaye anazijua lugha hizo hizo na hakumuuza mtu.

Si kwamba nakubali kila kicheko cha filamu hiyo. Mzaha unaofanywa juu ya mwendo wa kike wa huyo Ho ni wa rahisi, na umezeeka vibaya. Kile kisa cha mgeni kufuatana na mwanamke wa Kizungu hadi nyumbani kwake, kisha akatimua mbio, hakina kazi kubwa. Na kijana wa kidato cha tatu hakukosea kabisa: katikati ya filamu kuna mahali inapojikokota, mapigano mawili yanafanana, na mwongozaji mzoefu angekata. Lakini asiikate supu.

Kwa sababu ya supu ndipo yale mapigano ya mwisho yana uzito. Genge limeleta bingwa wa karate kutoka Marekani, Colt, aliyeigizwa na Chuck Norris, bingwa kwelikweli wa mchezo huo. Wanakutana katika magofu ya Colosseum, ingawa sehemu kubwa ya mapigano hayo ilipigwa katika studio Hong Kong. Hakuna anayesema neno. Wananyosha viungo, kila mmoja peke yake, kwa muda mrefu, huku paka mdogo akiwatazama. Naye paka huyo, niwaarifu, alipigiwa makofi Sironga kuliko waigizaji wengi. Mwanzo Tang Lung anazidiwa. Kisha anabadili mwendo, anaanza kurukaruka kama mcheza dansi, na Colt anapotea. Anamvunja mkono, anamvunja mguu, anamtikisia kichwa kumsihi aache. Colt hataki kuacha, naye anamuua. Halafu mshindi anachukua nguo na mshipi wa adui, anamfunika, anapiga goti. Pale hakuna lugha ya kukosea, wala mtu wa kutafsiri. Katika chumba cha mabati hata mwalimu mstaafu alinyamaza.

Filamu hiyo ilitolewa Hong Kong mwishoni mwa 1972 ikakusanya zaidi ya dola milioni 5 za huko, ikaipita Fist of Fury. Hollywood ikarudi mbio. Enter the Dragon, iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa pande mbili mwanzoni mwa 1973, ni filamu ambamo tunamsikia Bruce Lee mtu mzima akisema Kiingereza kwa kinywa chake, matamshi ya Hong Kong na yote. Ulimwengu ulimwelewa vizuri.

Yeye hakuwahi kujua. Tarehe 20 Julai 1973, mjini Hong Kong, aliumwa kichwa katika nyumba ya mwigizaji mwenzake Betty Ting Pei, akameza kidonge cha maumivu, akalala, hakuamka. Madaktari walikuta ubongo umevimba. Alikuwa na umri wa miaka 32. Enter the Dragon ilianza kuonyeshwa mwezi uliofuata. Alizikwa Seattle, katika mji alikohudumia meza, na mwaka 1993 mwanawe Brandon, aliyeuawa kwa bahati mbaya na bastola ya maigizo, alizikwa kando yake.

Katika Afrika Mashariki kifo hicho hakikuaminika kwa urahisi. Watazamaji wetu walikuwa wamelitohoa neno stelingi kutoka lile neno la Kiingereza linaloandikwa mbele ya jina la mwigizaji mkuu filamu ianzapo, na kanuni ya vibandani ni kwamba stelingi hafi. Wafanyabiashara wa Hong Kong waliifahamu kanuni hiyo, wakatuletea akina Bruce Li na Bruce Le, watu wengine kabisa wenye nywele zile zile. Mimi binafsi, miaka ya 1990, nililipa nauli yangu ya kurudi shuleni kumwona mmoja wao nikiamini ndiye.

Mrithi wa kweli alitokea kwenye kicheko. Mwaka 1978 Jackie Chan, ambaye hapo awali alikuwa mmoja wa vijana wa kupigwa katika Fist of Fury na Enter the Dragon, alitoa Snake in the Eagle's Shadow na Drunken Master, filamu za ngumi za kuchekesha zilizoshika soko miaka mingi. Vijana wengi pale sokoni wanamjua yeye kwanza, na wanadhani kuchanganya teke na mzaha ni uvumbuzi wake. Wengine wanazijua filamu hizo kupitia wasimulizi tu: Tanzania alikuwako Derek Gasper Mukandala, maarufu kama Lufufu, Kenya yuko DJ Afro, anayewatia Wachina Kiswahili cha mitaani hadi mtu anasahau kwamba walikuwa na lugha yao. Wataalamu wa tafsiri wangeng'aka. Mimi huwatuma wanafunzi wangu wakawasikilize.

Flashi ile ya Sironga haikuwa na msimulizi. Ilikuwa na Kiingereza cha kutiwa, nacho kilikuwa kikikwama. Mvua ilipopungua nilidhani watu watatawanyika, lakini mama wa ndizi alimwomba mwenye chumba airudishe filamu mwanzo, pale uwanja wa ndege, aone tena kama yule bibi wa Kizungu alimwangalia mgeni kwa chuki au kwa ushamba wake mwenyewe. Mwalimu mstaafu alikuwa amekwisha simama na mwavuli, akaketi. Aliyeshika rimoti ni yule kijana wa kidato cha tatu, na mabakuli yalipoanza kuletwa, alianza kumfasiria mama kwa Ekegusii, bakuli moja baada ya jingine.